Mikono Mikavu ya Bi Mkunga

Mvua ikinyesha, Bi Mkunga hakumgusa mbwa yeyote. Alikaa barazani juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mikono kaificha ndani ya kanga, akawatazama walivyojikunja chini ya mabati ya uani. Aliwasemesha kwa mbali, kama mtu aliyekuja kumwangalia mgonjwa akazuiwa kuingia wodini. "Kaukeni kwanza," aliwaambia. "Mie nipo." Jua likirudi na manyoya yakisimama, hapo ndipo alipoteremka na kuwapapasa mmoja mmoja: masikio, mbavu, tumbo, nyayo. Kikavu hakikinajisi kikavu. Huo ndio upenyo alioupata katika sheria, na kwa upenyo huo aliwauguza mbwa wa watu miaka mingi bila ya sala yake kuingia shaka.

Namwita Bi Mkunga kwa sababu ndivyo mtaa wetu wa Mtoni ulivyomwita, hata baada ya kuacha ukunga. Wengi waliokuwa wakimsengenya ni yeye aliyewapokea duniani. Mimi pia alinipokea, na kila nilipombishia alinikumbusha.

"Ulitanguliza matako wewe," alisema. "Nikakupindua, ukarudi vilevile. Tokea siku ile hukubali kuelekezwa."

Nilimjua tangu utotoni, lakini sikumhitaji mpaka mbwa wangu, Kashata, alipoanza kukonda. Mtu mwenye shida humwona tabibu wake kwa jicho la shida: humtukuza asubuhi, humlaani jioni. Nilifanya yote mawili, na mengine ya katikati, kwa hiyo asiyemjua anisome kwa tahadhari.

Kashata nilimtoa Kiwengwa, nilikokuwa nikifanya kazi wakati wa likizo za chuo katika hoteli moja ya ufukweni. Msimu wa wageni ulipokwisha, watoto wa mbwa waliokuwa wakipigwa picha na kulishwa soseji wakageuka taka, ikasemwa waziwazi kwamba watategewa sumu. Nilimtia mmoja ndani ya kikapu, jike, rangi yake kama kashata ya njugu. Mama hakutaka hata kikapu kivuke kizingiti.

"Nyumba hii wanaingia malaika," alisema.

Nikamuuliza amejuaje kwamba wanaingia. Alinionesha njia. Nikavuka uchochoro mpaka kwa Bi Mkunga, naye akamtazama yule mbwa juu chini.

"Ana nini?"

"Hana kitu."

"Mzima?"

"Mzima."

"Mwache, basi. Sijapata kuwa na mzima humu."

Maana yeye hakuwapa mbwa majina. Aliwaita kwa maradhi yao. Palikuwa na Figo, palikuwa na Kupe, palikuwa na Kidonda, na palikuwa na Baridi Yabisi, jibwa la walinzi lililotembea kama mzee anayetafuta ndara zake nje ya msikiti. Mbwa akipata nafuu alibaki na jina la ugonjwa wake, kama watu wazima wanavyobaki na majina ya utani ya utotoni. Katika ua ule wote, Kashata peke yake ndiye aliyeitwa Mzima.

Ilivyoanza kazi ile, sijui. Nilimuuliza mara nyingi na kila mara nilipewa hadithi nyingine. Mara alisema ni mgeni mmoja aliyepanga jirani, akasafiri akamwachia mbwa mwenye figo mbovu na mfuko wa chakula cha dukani. Mfuko ukaisha, mgeni hakurudi, naye hakuweza kumwacha kiumbe afe na sufuria ipo. Mara alisema ni msasi wa kusini, kwenye vijiji vinavyowinda nguruwe pori wanaokula mihogo ya watu. Alikuwa amemzalisha mke wa msasi huyo, ndipo akamletea mbwa aliyepasuliwa ubavu. Nilipomwambia kwamba hadithi hizi mbili haziwezi zote kuwa ndiyo ya kwanza, alicheka.

"Na wewe mtoto wako wa kwanza utamkumbuka. Wangu mie walikuwa wengi."

Sufuria lake lilikuwa jeusi, pana, limepinda mdomo. Alipika alfajiri baada ya sala, na tena baada ya alasiri. Vichwa vya samaki alivichemsha mpaka mifupa ikavunjika kwa vidole, kisha akaichambua yote, maana mwiba mmoja, alisema, unaweza kumaliza kazi ya mwezi. Boga ndilo lililokuwa msingi. Juu yake alitia majani ya mlonge, manjano kidogo, maini yaliyosagwa, maganda ya mayai yaliyotwangwa yakawa unga. Mbwa aliyeharisha alipewa uji wa uwanga na maji ya dafu. Mwenye ngozi mbovu alipewa mwani mkavu, ambao wanawake wa Kiwengwa walimletea kwenye viroba, wakishangaa. Habbasoda na asali vilikuwa vya waliokata tamaa, na nadhani hapo aliwafikiria wenye mbwa zaidi ya mbwa. Chumvi hakutia kabisa. "Chumvi ya watu," alisema. "Watu wana mengi ya kusahau."

Kila kitu alikigawa kwa upawa mmoja wenye mpini mrefu kuliko mkono wake, aliouchongesha makusudi. Aliunyoosha, akamimina ndani ya bakuli, akaurudisha, na mbwa hakupata kumlamba hata kidole.

Alikuwa na methali zake mwenyewe, au methali alizozinyoosha mpaka zikamfaa. "Tumbo ndilo lango," alisema kwa kila ugonjwa, hata wa sikio. "Mgonjwa hasimangwi," alisema mwenye mbwa akianza kumwambia mbwa wake: kula basi, kula, nimetoka nacho mbali. Na kwa waliomwita tabibu alisema, "Sina dawa mie. Nna sufuria." Nililipenda neno hilo. Lilikuwa neno la mtu mkweli. Lakini nilimsikia pia, akiwa na wageni, akinyamaza wanaposema kwamba Bi Mkunga kamponya fulani na fulani, na uso wake ukawa laini kama wa bibi harusi.

Mtaa ulimvumilia kwa mdomo. Pembeni ya njia palikuwa na jirani muuza juisi ya miwa, mtu wa maneno, ambaye hakuacha apite bila ya kumchokoza.

"Bi Mkunga, harufu hiyo leo ya nani? Ya watu au ya mbwa?"

"Ya mbwa. Ina nyama, hiyo."

"Tukaribishe basi."

"Shika foleni, nyuma ya Kidonda."

Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini nilijua kwamba tangu aanze kazi ile hakuna aliyempelekea sahani wakati wa futari. Hata hivyo, mbele ya sheria alikuwa msafi kuliko wote. Alikuwa na kanga za mbwa na kanga za sala, na kamba mbili za kuanikia, moja kila upande wa ua. Aliwatukana mbwa kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika, kwa sauti ya upole kabisa, hasa wakiwa na homa. Majike aliwaita mama, kama alivyowaita wanawake wenye uchungu. "Haya, mama. Pumua. Haya."

Mimi na yeye tuligombana juu ya thomu, kitunguu saumu. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha Bara na shahada ya biolojia na tabia mbaya ya kuuliza nani kasema na umejuaje. Nilianza kazi ya ofisini Mji Mkongwe, na kila jioni, kabla ya kufika kwetu, nilipita kwake kumwona Kashata na kumbishia Bi Mkunga. Nilimwambia kwamba thomu alizotia ndani ya sufuria zinaharibu damu ya mbwa.

"Nani kasema?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akichambua miiba.

"Na huyo aliyesema, kapata kumpikia mbwa?"

"Haihitaji kupika ili ujue."

"Basi ndiyo maana nyote mnajua."

Wiki iliyofuata harufu ya thomu ikapotea katika sufuria. Nilipomgusia, alinikazia macho. "Thomu? Mie sijapata kumpa mbwa thomu maisha yangu." Sikujua nicheke au nigombe. Hivyo ndivyo alivyobadilika: bila ya kukubali kwamba iliwahi kuwa vinginevyo.

Kashata alianza kukonda baada ya masika. Kwanza ilikuwa kidogo, mifupa ya nyonga ikijitokeza pale ambapo mkono wangu ulizoea unono. Kisha akawa akitokwa na ute mdomoni, na pumzi yake ikawa nzito. Bi Mkunga akamtazama, akampapasa, akakisikiliza kifua chake.

"Pumzi ni moshi," alisema. "Moto uko tumboni."

Nilimchukua Kashata kwa daktari wa mifugo. Bi Mkunga alimwita daktari wa ng'ombe na alikuwa na ugomvi naye wa zamani, kwa sababu daktari aliwahi kusema mbele za watu kwamba boga halitibu figo. Kashata hakuwapenda wageni. Alimrukia, na daktari, kama wafanyavyo wote, akamfunga mdomo kwa bendeji ndipo akampima. Alichukua damu. Alikuta alama za maradhi ya kupe, akanipa vidonge, akasema figo na ini haviko vibaya. Kashata akapata nafuu kidogo, au mimi niliona hivyo, kisha akaanza kukonda tena, upesi zaidi. Nilimrudisha, akafungwa mdomo tena, akapimwa tena. "Mlishe," daktari aliniambia. "Anahitaji kula."

Kumlisha ndiyo kazi iliyokuwa na mwenyewe, nami nikajisalimisha kwake. Mimi niliyembishia juu ya thomu nilibeba mwani, nilibeba asali, nilisimama sokoni Darajani asubuhi nikinusa maini kama mnunuzi wa manukato. Bi Mkunga alibadili chakula: samaki akawa kuku, kuku akawa maini matupu, boga likawa na tui, tui likaondolewa. Alimpa mara nyingi, kidogokidogo. Ofisini nilikaa na simu mapajani. Nilimpigia kila nilipopata upenyo.

"Kala?"

"Kalamba."

"Kala kiasi gani?"

"Nimekwambia kalamba. Usimsimange mgonjwa kwa simu."

Sikuwa nikilala vizuri. Nilihesabu mbavu zake kwa vidole na kila jioni nilijiambia kwamba ni zilezile za jana. Nilitaka kitu kimoja tu: Bi Mkunga awe sahihi. Nilikuwa tayari kuutupa ubishi wangu wote wa miaka yote, tumbo liwe lango, moto uwe tumboni, ilimradi Kashata ale.

Alasiri moja nilimkuta amekaa mbele ya bakuli la Kashata, kidevu mkononi. Ndani mlikuwa na uji wa boga. Kashata aliinama, akatia ulimi, akautoa, akainua kichwa akatutazama, ute ukimning'inia. Akainama tena.

"Msomi," Bi Mkunga aliniita bila ya kugeuka. Ndilo jina alilonipa.

"Naam."

"Mtazame. Huyu hakatai."

"Hali, Bi Mkunga. Siku zote hizi hali."

"Hali, lakini hakatai. Asiyetaka hugeuza uso. Huyu kila nikiweka anakuja." Alilisogeza bakuli kwa upawa, Kashata akalifuata. "Nshawaona wanawake namna hii. Watu wanamgombeza, hasukumi huyu, mvivu huyu, na kumbe mtoto kakwama. Si kwamba hataki. Hawezi."

Aliweka upawa chini. Akavua pete yake, akavua bangili, akanipa nishike. Sikuelewa mpaka alipokunja mikono ya gauni.

"Mshike kichwa. Mdomo usimfunge."

"Atakuuma."

"Akiwa na nguvu za kuuma, alhamdulillahi."

Hakumuuma. Bi Mkunga alimpanua taya kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono wa pili akavipitisha taratibu juu ya ulimi, kisha chini yake, mpaka ndani, huku kafumba macho. Wanawake wa mtaani walikuwa wakisema kwamba alifumba macho kila alipompima mzazi. Nilikuwa sijapata kuona. Uso wake haukuwa na kitu kabisa, ulikuwa kama uso wa mtu anayesikiliza mlango. Kisha ukabadilika.

"Tia chako," alisema.

Chini ya ulimi, nyuma, palikuwa na kitu kigumu kama kungumanga, na ubavuni mwake nyama laini iliyokwisha kuoza. Kashata alitoa mlio mdogo, nikatoa kidole.

Mkono wa Bi Mkunga ulitoka umelowa mate na damu mpaka kifundoni. Aliushika mbali na mwili wake kama kitu alichookota.

"Muda wote huu nampikia," alisema. "Nikamtafuta tumboni."

Nilichota udongo mkavu chini ya mshelisheli wa uani, nikammiminia maji. Aliosha kwa udongo, kisha kwa maji, mpaka mara saba za sheria zikatimia, akihesabu kwa kunong'ona. Mimi niliosha kwa sabuni. Hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Niliporudi nyumbani nililiona jambo lile kwa ukamilifu wake, na sikupata furaha yoyote ya kuliona. Ujuzi wake wa mbwa ulikuwa na mipaka ileile ya twahara yake. Palipokauka alipajua kama kiganja chake. Penye unyevu hakufika. Na mdomo haukauki. Kwa hiyo kila ugonjwa ukawa wa tumbo, na kila dawa ikawa chakula. Daktari naye, aliyesomea, aliufunga mdomo uleule kwa bendeji kwa ajili ya meno. Mmoja kwa kumcha Mungu, mmoja kwa kuogopa kuumwa, wote wawili waliuzunguka, nami nilisimama katikati yao nikisoma makala kwenye simu.

Daktari alipouona uvimbe, safari hii Bi Mkunga akiwa ndiye aliyeshika taya, hakusema maneno mengi. Ulikuwa umekwisha kushuka kwenye tezi za shingo. Alisema angeuona mapema pengine angejaribu kukata, na hata hilo hakuwa na hakika nalo. Sasa alichokuwa nacho ni dawa ya maumivu, na sindano ya mwisho, siku nitakayokuwa tayari.

Nilirudi kwa Bi Mkunga nikiwa mtu mwingine. Nasema hivi kwa sababu sikuyatambua maneno yaliyonitoka.

"Mpikie kitu," nilimwambia.

"Kitu gani?"

"Chochote. Majani ya mstafeli. Watu wanasema yanayeyusha uvimbe."

"Nani kasema?"

"Nimesoma."

"Umejuaje kama kweli?"

Hakuwa akinidhihaki. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na hilo liliniuma zaidi.

"Figo ulimponya," nilisema. "Walishamkatia tamaa."

"Figo aliishi mvua mbili, akafa. Mie sikusema kapona. Watu walisema."

"Na wewe ulinyamaza."

"Nilinyamaza," alisema. "Ilikuwa tamu kuiskiza."

Hata hivyo alipika. Alipika mchuzi mwepesi wa vichwa vya samaki, akauchuja kwa kitambaa mara mbili, akauacha upoe. Upawa aliutundika ukutani. Alikaa chini kwenye jamvi la mbwa, akampakata Kashata kichwa, na kwa vidole vyake mwenyewe akamdondoshea mchuzi pembeni ya shavu, upande ulio mbali na uvimbe, tone kwa tone. Kashata alimeza. Alimlamba mkono. Bi Mkunga akaacha alambwe.

Alifanya hivyo kila mlo, na kila mlo aliosha kwa udongo na maji kabla ya sala. Ngozi ya mikono yake ikapasuka kwa udongo. Nilimletea mafuta ya nazi. Nilimwambia avae glovu.

"Nikimvalia glovu atajua," alisema.

"Atajua nini?"

Alitia vidole ndani ya mchuzi, akamdondoshea tone jingine.

Ilipita muda ambao sitaki kuupima. Palikuwa na siku nzuri, nikapiga simu na kuambiwa kameza kikombe kizima, nikatembea Mji Mkongwe nikitabasamu kwa watu nisiowajua. Palikuwa na siku mchuzi ulirudi na damu. Daktari alinipigia kuniuliza nimeamuaje, nikasema bado anakula. Mama, ambaye hakupata kuligusa bakuli la Kashata, alituma papai lililoiva, bila ya neno, kupitia kwa mtoto wa jirani. Mimi nilikuwa nimeacha kuuliza maswali. Nilikuwa nikiomba, na sitasema nilimwomba nani.

Kisha jioni moja nilimkuta daktari wa mifugo amekaa barazani kwa Bi Mkunga, mkoba wake miguuni, kikombe cha chai mkononi. Watu hawa wawili walikuwa hawajapata kunywa kitu pamoja.

"Nani kakuita?" nilimuuliza.

"Mie," alisema Bi Mkunga kutoka uani.

Nilimfuata. Niliyomwambia yalikuwa mabaya, na mengi yake yalikuwa maneno yake mwenyewe: kwamba yeye ndiye aliyesema roho haiondoshwi kwa sindano, kwamba mbwa aliyekula sufuria lake hauawi, kwamba ndiye aliyempotezea muda Kashata kwa maboga yake. Aliyaacha yote yapite. Kashata alikuwa amelala ubavu, macho wazi, akihema kwa mdomo.

"Skiza, mwanangu," alisema. "Uchungu wa kuzaa nimekaa nao miaka. Nimewashika wanawake usiku kucha nikiwaambia vumilia, vumilia, na sikuwa naongopa, maana mbele yake pana mtoto. Huu mbele yake pana nini? Niambie nami nitamwambia avumilie."

Nilirudi barazani, nikampokea daktari kikombe.

Daktari alitoa bendeji, akaanza kuikunjua ili amfunge mdomo kama desturi yake. "Usimfunge," Bi Mkunga alimwambia. "Nitamshika mie." Akakaa chini, akamlaza kichwa mapajani. Ute na damu viliingia kwenye kanga, na hapo ndipo nilipoona kwamba haikuwa moja ya kanga za mbwa. Ilikuwa ya sala. Sijui kama alisahau. Ni swali pekee ambalo sikupata kumuuliza.

"Haya, mama," alisema. "Pumua. Haya, Mzima."

Tulimzika chini ya mshelisheli, pale tulipokuwa tukichota udongo.

Baada ya hapo nilihama, nikapanga chumba Kikwajuni, na nilipokwenda Mtoni kumwona mama nilipita njia ya upande wa barabara kuu ili nisiuone ule ua. Sikuwa na hasira naye tena. Nilikuwa na kitu kibaya zaidi: sikuwa na wa kumkasirikia.

Sikukuu ya juzi, mama alinipa sahani ya biriani iliyofunikwa kawa. "Mpelekee Bi Mkunga," alisema, akaingia ndani upesi kabla sijamuuliza chochote.

Nje ya mlango palikuwa na gari ya mizigo, na mwanamme aliyevaa sare ya ulinzi ya hoteli, kakaa ukingoni mwa baraza, kofia mkononi akiizungusha. Alikuwa ametoka Kiwengwa. Ndani, uani, mbwa wake alikuwa amelala juu ya jamvi, dume jeusi, mbavu nje. Mbwa wengine walikuwa wachache kuliko nilivyowaacha. Upawa ulikuwa bado umetundikwa ukutani, umeshika vumbi. Chini yake palikuwa na ndoo ya udongo uliochekechwa, imefunikwa sinia, na kopo la maji.

"Shikamoo, Bi Mkunga."

"Marahaba. Umekuja wakati. Weka sahani, vua saa."

Alikuwa amepungua. Mikono yake, ileile iliyonipindua tumboni mwa mama, ilikuwa ikitetemeka, naye aliibana pamoja ili isionekane.

"Mfungue mdomo. Mie siku hizi nitamuumiza."

Nikapiga magoti. Mbwa hakupinga.

"Unaona nini?"

"Meno. Ulimi. Ufizi mweupe sana."

"Chini ya ulimi?"

"Hamna kitu."

"Papasa. Usitazame tu. Nyuma."

Nilipapasa mpaka mbwa akakohoa. "Hamna."

Akamshika tumbo, mbavu, shingo, masikio. Akarudi tumboni. Akakaa, kafumba macho, muda mrefu mpaka nikasikia kofia ya yule mlinzi ikizunguka barazani.

"Sijui," alisema.

Miaka yote nilitaka kulisikia neno hilo, kwa walimu, kwa mama, kwa madaktari, na kwake kuliko wote. Nilimsumbua kulitafuta tangu nikiwa mtoto. Sasa kalisema, nami nilitamani alirudishe.

"Huyu unamwitaje?" nilimuuliza.

"Bado."

Niliinuka kwenda bombani. Akaisogeza ndoo kwa mguu, mpaka ikafika mbele yangu. Nikachota udongo, nikaosha, naye akanimiminia maji kwa kopo, yakimwagika huku na huku kwa mtetemeko, nusu yake kwenye miguu yangu.

"Mpigie yule daktari wa ng'ombe, aje achukue damu," alisema. "Na jikoni pana boga."

Nilitoka na boga na visu viwili. Yule mlinzi alisimama. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala, na nilijua, kabla hajafungua kinywa, kila alichokuwa tayari kuamini.

"Dada," alisema, "Bi Mkunga kasemaje?"

Nilikaa chini barazani, nikaliweka boga kati yetu, nikamsogezea kisu kimoja.

"Kasema tumenye."